Kabla hujampeleka kijana soba house, haya yaweke sawa kwanza

Wazazi wenzangu, najua mpaka unafikia kutafuta soba, yaani nyumba anakokaa mtu ili aache dawa za kulevya au pombe, ushachoka, vitu vya ndani vimeuzwa mpaka sufuria na unataka aondoke hata leo usiku. Subiri kidogo. Sisi mtoto wa dada tulimdanganya tunaenda kumsalimia bibi Bagamoyo, akajikuta anafunguliwa geti na watu asiowajua, wiki mbili hakuongea na mtu, na mpaka leo ukimwambia twende mahali anauliza mara tatu ni wapi. Mwambie ukweli jamani, akigoma mtafutie kaka aliyewahi kutumia akaacha, huyo atamsikiliza.

Alafu hospitali kwanza. Kama ni unga (heroini), arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa, itamshika ndani ya siku moja, anatapika, anaharisha, mifupa inauma, usingizi hamna, ila kama ni pombe kali au valiamu (vidonge vya usingizi) kukatisha ghafla kunaweza kumletea degedege na akafa kabisa, kwahiyo daktari ajue anatumia nini na nini. Apime na TB, Ukimwi na homa ya ini hapohapo. Ulizia pia methadoni, dawa anayopewa mtu hospitali badala ya unga, Muhimbili wanatoa toka 2011.

Kwenye nyumba yenyewe usiishie ofisini, omba uone wanapolala. Mtoto wa miaka 15 kulala chumba kimoja na mtu wa 35 mimi sikubali hata kwa bure. Uliza akikosea anafanywaje, ukisikia minyororo au fimbo geuza naye. Kujua kama wana usajili, ulizia Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, piga 119 ni bure.

Sasa shule, hapa ndo wengi tunasahau. Nenda kwa mkuu wa shule kabla mtoto hajaondoka, usisubiri jina lifutwe. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unaruhusu waliokatiza masomo kurudi, na sio wa mabinti wenye mimba tu kama watu wanavyodhani. Kama hakufika kidato cha pili kuna QT (mtihani wa maarifa), akifaulu anakuja kufanya form four kama mtahiniwa wa kujitegemea. Soba nyingi hazina mwalimu, kwahiyo mpakilie madaftari. Wa kwetu begi lilipekuliwa mpaka wakafumua pindo la suruali na kunyanyua soli za viatu, vitu vingi tukarudi navyo nyumbani, ila daftari la hesabu waliligeuzageuza wakamrudishia, akalikumbatia kifuani.

Na siku ya kutoka ipangeni kabla hajaingia. Mwili ukishakaa miezi bila unga hauhimili tena kipimo cha zamani, akirudia kete (vipakiti vya unga) alizozoea anaweza kufa siku hiyohiyo, na kijiwe kikiwa nyuma ya nyumba yenu atakikuta palepale. Sisi tuliongea na mjomba wake Morogoro mapema, chumba kikawa tayari na shule ya kuhamia tushaipata.