Jeraha la risasi kwenye hadithi ya upelelezi: chora njia, kisha hesabu dakika

Kabla sijaanza kuandika hadithi nilifanya kazi chumba cha dharura, na mpaka leo kuna sentensi nikikutana nayo nafunga kitabu: "Risasi ilimpata begani, akajifunga kitambaa, akaendelea kuwafukuza." Bega si sehemu salama. Chini ya mtulinga hupita mshipa mkubwa wa damu uendao mkononi, na kando yake fungu la neva zinazoutawala mkono mzima. Basi tumchukue Sajini Mwita, mhusika wa kubuni, apigwe hapo hapo begani, mtaani Manzese, Dar es Salaam, saa nne usiku.

Hatua ya 1: Chora njia. Chora mtu kwenye karatasi, vuta mstari kutoka risasi inapoingilia hadi inapoishia. Kila kinachoguswa na mstari kina bei yake.

Hatua ya 2: Chagua silaha na umbali. Risasi ya bastola ya milimita 9 huenda kama mita 350 kwa sekunde. Ya AK-47 hupita 700. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne, ndiyo maana bunduki ya kivita huharibu nyama hata pembeni ya njia yake. Gobole la kijijini ni habari nyingine: hushindiliwa gololi au vipande vya chuma, kwa hiyo andika matundu mengi.

Mtutu ukigandamizwa kichwani, gesi huingia chini ya ngozi na kuichana mfano wa nyota. Ukiwa karibu bila kugusa, huacha masizi na vidoa vya baruti. Kwa mbali hubaki tundu lenye ukingo uliochubuka, basi. Tundu la kutokea mara nyingi huwa kubwa zaidi, ila si kila mara. Daktari mwangalifu hupima na huchora; kutangaza lipi la kuingilia na lipi la kutokea humwachia mtaalamu wa uchunguzi wa maiti.

Hatua ya 3: Usimrushe ukutani. Kama risasi ingekuwa na nguvu ya kumrusha mtu, aliyefyatua naye angeruka kinyumenyume. Wapo wanaodhani wamepigwa ngumi, mpaka waone shati limelowa. Na hata moyo ukipasuka, ubongo una oksijeni ya sekunde kumi hivi. Jambazi wako bado anaweza kufyatua tena.

Hatua ya 4: Weka saa. Hapa ndipo waandishi wengi huteleza. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Akipoteza chini ya robo tatu ya lita, huenda usione kitu. Ikikaribia lita moja na nusu moyo unakwenda mbio, ngozi inapoa, anaomba maji, anahangaika. Ikizidi hapo presha inashuka na maneno yanachanganyika. Ikizidi lita mbili anasinzia. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, yote haya yanaweza kuisha ndani ya dakika chache. Ile hotuba ya kuaga ya kurasa mbili? Ifute. Mwita ndani ya bajaji atauliza swali lile lile mara tatu.

Hatua ya 5: Hospitali. Daktari hakimbilii kuitoa risasi. Anaangalia pumzi, anazuia damu, anaweka mrija kifuani ikiwa pafu limesinyaa, ndipo picha ya eksirei. Risasi nyingi huachwa mwilini. Ikibidi kuitoa, koleo la chuma tupu hukwaruza alama ambazo mtutu uliacha juu ya risasi, na kuharibu ushahidi. Nguo hukatwa mbali na tundu na kuwekwa kwenye mfuko wa karatasi, maana ndani ya plastiki unyevu huziozesha.

Usisahau fomu ya polisi ya majeruhi: Tanzania ni PF3, Kenya ni P3. Mwita hana shida nayo, polisi mwenzake ataileta wakati yeye anatibiwa. Lakini aliyempiga naye ana risasi ya mguu, na PF3 maana yake ni kujipeleka polisi. Atatafuta mtu wa kumshona uchochoroni. Mimi ningempa huyo mshonaji sura nzima.

Hatua ya 6: Jeraha liendelee. Sura ya tisa, wiki sita baadaye, Mwita anafungiwa vifungo vya shati na mwanawe. Anashika kikombe cha chai kwa mkono ule, na anajua kinaunguza pale tu mtoto anapopiga kelele.