Somo: Kuhesabu kromosomu za uwele kwenye ncha ya mzizi (pamoja na maswali yenu)

Wakuu, kila mwaka wanafunzi hunijia na mchoro uleule wa kitabuni: ncha ya mzizi wa kitunguu, kromosomu (vijiti vya DNA vinavyobeba urithi ndani ya seli) 16, basi. Wakisogea mbele kidogo wanakutana na rai, ile nafaka ya nchi za baridi inayotoa mkate mweusi (siyo rai ya kumwomba mtu). Rai ndiyo kipenzi cha wataalamu wa kromosomu: ana jozi 7 tu, tena nene, zinaonekana hata kwa hadubini ya shule. Tatizo ni kwamba hapa Dodoma rai huipati.

Uwele nao una jozi 7, yaani kromosomu 14 kwa kila seli ya mwili, sawasawa na rai. Ukienda Soko la Majengo unarudi na kilo nzima ya mbegu za majaribio, na zinazobaki unapika uji. Kwa hiyo somo hili ni la uwele, na rai nitaileta pale inapotufundisha jambo ambalo uwele unaficha.

Hatua ya kwanza: kuotesha

Chagua mbegu za msimu uliopita. Za ghalani zilizokaa miaka, au zilizopakwa dawa ya wadudu, zitakusumbua. Zioshe, uzipange juu ya karatasi ya chujio yenye unyevu ndani ya sahani ya petri. Ukikosa, sahani ya kawaida na tishu vinatosha. Unyevu tu, msizizamishe! Mbegu ikizama inakosa hewa, na mzizi usiopumua haugawanyi seli. Joto letu la nyuzi 28 hadi 30 linaupendeza uwele, siku moja na nusu inatosha. Unataka mzizi wa sentimita 1 hadi 1.5. Ukiuacha ukarefuka sana utakuwa na mzizi mzuri wa kuangalia kwa macho na mbaya wa kuhesabia.

Maji ya bomba ya baadhi ya mitaa yetu yana chumvi. Mimi hutumia ya mvua au yaliyochujwa maabara.

Hatua ya pili: kuzisimamisha seli

Hapa ndipo wengi wanaharibu, kisha wanailaumu hadubini. Kromosomu hazionekani wakati wote. Seli ikiwa katika shughuli zake za kawaida, zimetandazwa ndani ya kiini kama uzi uliotawanyika kikapuni. Seli inapojiandaa kugawanyika ndipo zinajikunja, zinafupika, zinapangana katikati. Kisha nyuzi za seli zinazivuta pande mbili na nafasi yako imepita. Kazi yetu ni kuzizuia nyuzi hizo zisijengeke, ili seli zifike katikati na kukwama pale, kromosomu zikiwa fupi na zimeachana.

Mimi hukata mizizi saa tatu asubuhi. Iweke kwenye mmumunyo wa hidroksikwinolini (dawa ya maabara inayozizuia nyuzi hizo), gramu 0.29 kwa lita moja ya maji, kwa saa mbili hadi tatu. Unga wake ni mgumu kuyeyuka, upashe moto taratibu huku ukikoroga, halafu uache upoe kabla ya kutumia. Kwa rai, ngano na shayiri watu hutumia maji ya barafu tu, saa 24. Nimejaribu barafu kwa uwele: kromosomu zilionekana lakini zilibaki ndefu, zimelaliana kama tambi. Pia umeme ulikatika usiku na barafu ikawa maji ya kunywa.

Kuna dawa nyingine, kolchisini. Inafanya kazi vizuri sana, na ni sumu kali kwa binadamu. Kwa shule sishauri.

Hatua ya tatu: kuzigandisha (kwa kemikali, siyo kwa barafu, ili seli zibaki kama zilivyo)

Changanya sehemu 3 za ethanoli kavu na sehemu 1 ya asidi asetiki kali. Changanya wakati uleule unapotaka kutumia, maana ikikaa vitu hivi viwili vinaanza kuungana na kugeuka kitu kingine. Mizizi ilale humo saa 24. Baada ya hapo ihamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70 na uiweke kwenye friji, itakusubiri wiki kadhaa.

Hatua ya nne: kulainisha

Asidi hidrokloriki ya nomali 1 (kipimo cha ukali wake), nyuzi 60, dakika 8 hadi 10. Asidi inaingia kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Miwani na glovu. Kama hamna bafu la maji la maabara, sufuria yenye maji, jiko na kipimajoto vinafanya kazi, ila mtu mmoja asimame hapo asiende kuchati. Mzizi ukipita dakika unageuka uji. Ukiwa mfupi wa dakika hautaki kupondeka.

Hatua ya tano: rangi na kuponda

Suuza mzizi. Kata milimita 1 hadi 2 ya mwisho kabisa, huko ndiko seli zinakogawanyika, sehemu nyingine tupa. Weka kwenye slaidi, dondosha tone la asetokamini (rangi nyekundu ya kromosomu), acha dakika 10, kisha uchambue kwa sindano. Siri ya wazee wa maabara: sindano yenye kutu kidogo inafanya rangi ikolee, kwa sababu ya ile chuma.

Funika kwa kioo chembamba. Gonga juu yake taratibu kwa ncha ya penseli mpaka tishu itawanyike kama wingu. Halafu kunja karatasi ya chujio juu yake na ukandamize kwa dole gumba, moja kwa moja chini. Kioo kikiteleza hata kidogo, seli zinaviringika na umepoteza slaidi. Nimevunja vioo vingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Hatua ya sita: kuhesabu

Anza na lenzi ndogo, tafuta seli ambazo kiini chake kimekuwa vijiti. Panda hadi lenzi ya 40, kisha ya 100 yenye mafuta. Chora unachokiona, usichore unachokitarajia.

MASWALI

Mwanafunzi, Kondoa: Shikamoo mwalimu. Nimepata seli yenye 13 na nyingine yenye 15. Uwele wangu una ugonjwa?

Marahaba. Hauna. Seli ya 13 ama mbili zimelaliana ama moja imesukumwa nje ulipokandamiza. Ya 15 huenda umeazima moja kwa seli jirani. Usitoe jibu kwa seli moja. Hesabu zisizopungua kumi, zilizotawanyika vizuri, uangalie namba inayojirudia.

Mwanachama, Mpwapwa: Mkuu, nimefuata hatua zote kwa mtama nikaona vidoti tu. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Mtama una kromosomu 20 na ni ndogo kweli. Linganisha: jenomu nzima ya mtama, seti moja, ina herufi za DNA kama milioni 730. Ya uwele ni kama bilioni 1.8. Ya rai inakaribia bilioni 8, imegawanywa kwa kromosomu 7. Maana yake kromosomu moja ya rai ina DNA nyingi kuliko seti nzima ya mtama. Sasa unaelewa kwa nini Wazungu waliipenda rai. Kwa mtama, nenda moja kwa moja lenzi ya 100.

Mkulima, Chamwino: Mtama pori unaoota pembezoni mwa shamba, unaweza kuchanganyika na wangu wa Macia (aina ya mtama ulioboreshwa)?

Ndiyo, na hesabu inaeleza. Mtama pori wetu una 20, wako una 20, jozi zinaelewana, watoto wanazaa kama kawaida. Ndiyo maana ukihifadhi mbegu bila kung'oa wa pori, misimu kadhaa baadaye unaona mimea inayopukutisha mbegu kabla ya kuvuna. Ung'oe kabla haujachanua, tafadhali.

Mwanachama, Dodoma mjini: Na ulezi?

36. Usishtuke. Ulezi ni wa seti nne za 9, umetokana na mimea miwili tofauti iliyoungana zamani. Mzazi mmojawapo ni jamaa wa karibu wa lile jani gumu linaloota kwenye uwanja wa mpira, lenye masuke kama vidole, ambalo lina 18.

Mwalimu wa sekondari, Bahi: Umesema rai inafundisha jambo ambalo uwele unaficha. Hukulisema.

Nimekuwekea. Baadhi ya mimea ya rai ina kromosomu za ziada zinazoitwa B, juu ya zile 14. Hazihitajiki, mmea usio nazo unaishi vizuri tu. Kwa kanuni za urithi zilizozoeleka, kitu kisichohitajika kingepungua kizazi hadi kizazi. Hizi hazipungui kirahisi. Chavua inapotengenezwa, kiini kinagawanyika kuwa viwili: kimoja kitazaa mbegu za kiume, kingine kinaishia njiani. Kromosomu za kawaida zinagawana sawa. Nusu mbili za B hazitengani, na mara nyingi zinaingia zote kwenye upande utakaozaa. Ni abiria asiyelipa nauli ambaye kila safari anaongeza mwenzake. Zikizidi sana mmea unapoteza uzazi, hapo ndipo zinapojikata zenyewe. Hata uwele umeripotiwa kuwa na B, ila usitegemee kuziona kwenye mbegu za sokoni.

Mwanachama, Kongwa: Samahani kuuliza, lakini haya yanamsaidia nini mkulima?

Swali halali. Ngano nyingi duniani zilibebeshwa kipande cha kromosomu ya rai, mkono mfupi (upande mfupi) wa kromosomu namba 1, kwa sababu kina jeni za kuzuia kutu, ule ugonjwa wa ukungu wa ngano. Jeni moja kati yake, Sr31, ilizuia kutu ya shina kwa miaka mingi. Kisha ikaonekana aina mpya ya kutu nchini Uganda, mwaka 1998, iliyoishinda, nayo inaitwa Ug99. Imeenea Kenya, Ethiopia na hata kwetu, na wenzetu wa Hanang wanalima ngano. Aliyekuwa anatambua ni ngano ipi ina mkono wa rai na ipi haina alianza kwa kuangalia mzizi uliopondwa, kama ulivyoponda wako.

Mwanafunzi, UDOM: Slaidi yangu nzuri ilikauka kesho yake. Nilitaka kumwonyesha mhadhiri.

Zungushia kingo za kioo rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, uiweke kwenye friji ikiwa bapa. Inakaa siku kadhaa. Na upige picha kwa simu kupitia lenzi siku hiyohiyo, umeme ukiwa bado upo.