Baa inapopiga kelele na jiji likatunga sheria: namna ya kulinda nyumba ya mpangaji

Nafanya kazi na wapangaji wahamiaji nchini Marekani. Wengi wao wanakaa karibu na barabara kuu, ambako kodi ina nafuu kidogo na baa ni nyingi. Usiku wa Ijumaa muziki hautulii, watu wanapigana nje, majirani wanalalamika, na hatimaye baraza la jiji linatangaza sheria ndogo ya kudhibiti kero. Kila mtu anafurahi. Mimi huomba kwanza kuisoma, maana nyingi haziishii mlangoni mwa baa. Zinahesabu polisi wameitwa mara ngapi kwenye anwani fulani, iwe klabu au nyumba ya kupanga. Hesabu ikitimia, mwenye nyumba anapigwa faini au leseni yake ya kupangisha inakuwa hatarini, na njia yake rahisi ni kumtoa mpangaji.

Norristown, Pennsylvania, ilikuwa na sheria ya namna hiyo: polisi wakija mara 3 ndani ya miezi 4 kwa sababu ya vurugu, mwenye nyumba angeweza kupoteza leseni. Mwaka 2012 mama mmoja alijeruhiwa vibaya shingoni na mwanamume waliyekuwa wameachana, naye akawa anasihi polisi wasiitwe, kwa hofu ya kupoteza nyumba. Jirani aliita, mama akapelekwa hospitali kwa helikopta. Baada ya hapo mji ukamshinikiza mwenye nyumba amtoe. Mama akaushtaki mji, na kesi iliisha mwaka 2014 kwa mji kulipa dola 495,000, na jimbo likapitisha sheria ya kuwalinda watu kama yeye. Ndiyo maana nasisitiza hatua hizi zifuatwe kabla ya kura kupigwa.

Hatua ya 1: Pata maandishi yenyewe

Usitegemee habari za mtaani. Ajenda ya kikao huwekwa kwenye tovuti ya jiji. California, kwa mfano, inadai itolewe saa 72 kabla ya kikao cha kawaida. Usipoiona, mwombe karani wa jiji nakala ya rasimu. Soma sehemu tatu tu kwa makini: kero imeelezwaje, matukio yanahesabiwaje, na adhabu inamwangukia nani. Ukikuta kwamba mwito wowote wa polisi unahesabiwa, bila kutenganisha aliyefanya kosa na aliyeomba msaada, hapo ndipo penye sumu. Tazama pia kama imechomekwa idadi ya watu kwa kila chumba. Faribault, Minnesota, mji wenye Wasomali wengi, ulishtakiwa mwaka 2018 kwa sheria yake ya nyumba za kupanga, ikiwemo kikomo cha watu ambacho kilizibana familia kubwa. Mwaka 2022 ulikubali kulipa dola 685,000 na kurekebisha sheria hiyo.

Hatua ya 2: Andika kumbukumbu ya kelele

Daftari la kawaida linatosha: tarehe, saa, kelele inatoka wapi, nani alishindwa kulala. Unapopiga simu ya jiji isiyo ya dharura (miji mingi hutumia 311), taja anwani ya klabu na uombe malalamiko yaandikwe chini ya anwani hiyo. Ukitoa ya kwako peke yake, unaweza kujikuta nyumba yako ndiyo iliyoandikwa kuwa na kero. Omba namba ya kumbukumbu na uitunze.

Kama kuna mtu yuko hatarini, piga 911 mara moja. Uhai kwanza, mengine tutayapigania baadaye.

Hatua ya 3: Tenganisha klabu na nyumba

Baraza mara nyingi lina zana za kutosha za kuibana klabu bila kumgusa mpangaji: masharti ya kibali cha matumizi ya jengo, saa ya kufunga, walinzi wa nje, milango kufungwa muziki unapopigwa, viwango vya sauti. Leseni ya pombe kwa kawaida inatolewa na jimbo, lakini Ohio baraza la mji linaweza kupinga leseni isihuishwe. Uliza hadharani: zana hizi zimetumika? Lini?

Angalia pia ni klabu za nani zinazokaguliwa. Jiji la New York lilikuwa na sheria ya mwaka 1926 iliyodai leseni maalumu ili watu wacheze dansi, ikatumika kuzisumbua klabu za jazi za Harlem, mtaa wa Wamarekani Weusi, na haikufutwa hadi 2017. Ukumbi wa rumba ukikaguliwa kila wiki huku baa ya jirani ikiachwa, lisemwe hilo pia.

Hatua ya 4: Zungumza kikaoni

Jiandikishe mapema. Mara nyingi utapewa dakika 2 au 3. Omba mkalimani siku kadhaa kabla, kwa maandishi. Jiji linalopokea fedha za serikali kuu linabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi, ukiwemo wa asili ya taifa. Usisimulie kila kitu. Sema hivi:

"Waheshimiwa, naishi mita chache kutoka klabu hii. Inafunga saa nane usiku na wanangu hawalali. Nataka idhibitiwe. Lakini naomba sheria iseme wazi kwamba kuita polisi, zimamoto au gari la wagonjwa hakutahesabiwa dhidi ya nyumba ya mpangaji."

Kisha mkabidhi karani sentensi hiyo ikiwa imeandikwa. Ongeza kwamba sheria ya shirikisho ya mwaka 2022 inalinda haki ya kuomba msaada kutoka nyumbani kwako, na inaibana miji inayopokea ruzuku ya maendeleo ya jamii. Mwanasheria wa jiji atalisikia hilo haraka kuliko machozi.

Hatua ya 5: Sheria ikipita na barua ikaja

Usihame. Barua ya mwenye nyumba si amri ya mahakama. Tunza bahasha, piga picha kila ukurasa, nenda ofisi ya msaada wa kisheria siku hiyo hiyo, maana ukiitwa mahakamani muda wa kujibu ni mfupi sana. Kama unaona umelengwa kwa rangi, asili ya taifa, dini, jinsia, ulemavu au kuwa na watoto, Sheria ya Makazi ya Haki ya 1968, pamoja na marekebisho yake, inakupa mwaka 1 kulalamika HUD, wizara ya makazi, na miaka 2 kwenda mahakamani. Malalamiko kwa HUD hayana ada.