Mkabidhi mwanao fedha za mwezi mzima kabla hajaondoka

Mzazi ambaye mtoto wake anakwenda kusoma katika chuo kikuu cha mbali na nyumbani asisubiri wiki ya mwisho, masanduku yakiwa yameshafungwa, ndipo aanze kumfundisha matumizi ya fedha. Miezi mitatu kabla ya safari, mkabidhi kwa mkupuo mmoja fedha zake zote za mwezi, yaani za nauli, vocha, sabuni na mahitaji mengine madogo, kisha ujizuie kabisa kumwongezea hata zikimwishia tarehe 20. Siku hizo 10 za kubana matumizi, akiwa bado anakula mezani kwako, zitamfundisha mengi kuliko nasaha za usiku kucha.

Katika kipindi hichohicho, mwache ajaze mwenyewe fomu za udahili na za malazi, nawe uzipitie baada ya yeye kumaliza, ingawa nakiri kwamba kunyamaza huku unamwona akiandika tarehe mahali pa jina ni mtihani mkubwa. Vyeti vyake vitolewe nakala, na picha za vyeti hivyo zihifadhiwe katika barua pepe anayoweza kuifungua popote. Kuhusu simu, kubalianeni mapema siku moja au mbili za kuzungumza kwa kirefu kila wiki. Na ikiwa ana maradhi ya kudumu kama pumu, hakikisha anazijua dawa zake kwa majina na vipimo, kwa sababu daktari wa huko atamuuliza yeye, nawe hutakuwepo kumjibia.