Pima steki kabla ya kulaumu umeme
Kifaa chenye FreeRTOS (mfumo mdogo wa uendeshaji wa chipu ndogo) kikizima na kuwaka chenyewe ovyo, usikimbilie kubadilisha chaja: huenda taski moja, yaani kazi moja ya programu, imejaza steki yake, kumbukumbu yake ya muda. Ndani ya kila taski ita uxTaskGetStackHighWaterMark(NULL), kisha chapisha jibu. Taski inapoundwa steki yake hujazwa baiti za alama zenye thamani 0xA5. Fankisheni hii huhesabu zile ambazo hazijaguswa bado. Jibu likikaribia sifuri, mchawi umempata, na mara nyingi ni printf (amri ya kuchapisha maandishi) au safu kubwa (array) iliyotangazwa ndani ya fankisheni. Angalia kipimo: kwenye chipu za Cortex-M, jibu la 1 ni baiti 4; kwenye chipu ya ESP32 ukitumia ESP-IDF (zana rasmi za kuiandikia programu), ni baiti 1. Kupima hakusaidii ikiwa sehemu ya programu inayoendeshwa kosa linapotokea haijapitiwa kabisa, kwa hiyo, kwa mfano, chomoa sensa kwanza, ulazimishe kosa, ndipo upime.