Umeachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito? Jinsi ya kupeleka mgogoro CMA, na zile siku 30

Kama barua ya kuachishwa kazi iko mkononi mwako sasa hivi, angalia tarehe yake kwanza, kisha hesabu siku 30. Hapo ndipo unapoishia muda wako wa kuwasilisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Mimi nilikuja kulijua hili siku ya 41.

Nilikuwa mhasibu kwenye kampuni binafsi Dar es Salaam, mwaka wangu wa nne. Mimba ilipofika miezi mitano niliwapelekea HR, yaani idara ya rasilimali watu, cheti cha kliniki, maana sheria inataka mwajiri ajulishwe angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua. Wiki tatu baadaye nikapewa barua kwamba nafasi yangu imeondolewa ili kupunguza gharama. Idara ilikuwa na watu saba, na aliyepunguzwa ni mimi peke yangu. Mwezi uliofuata meza yangu ilikuwa na mtu mpya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautaja ujauzito waziwazi miongoni mwa sababu ambazo mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwazo, pamoja na jinsia, kabila, dini, ulemavu, hali ya ndoa, VVU na nyinginezo. Na kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu wake: mwajiri atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu, akae na wahusika wajadili namna ya kuepuka na vigezo vya kuchagua nani aondoke. Mimi sikuitwa kwenye kikao hata kimoja.

Sasa nieleze siku zangu zilikwenda wapi. Nilimwendea meneja wa HR, akaniambia kwa mdomo, "Dada, subiri, suala lako liko kwa mkurugenzi." Kila wiki nikituma ujumbe, kila wiki najibiwa nivute subira. Nikaamini nimekata rufaa ndani ya kampuni. Kanuni zinasema siku 30 huanza kuhesabiwa tangu kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kuachisha au wa kushikilia uamuzi wake. Maneno ya kwenye korido si uamuzi. Kama unataka kukata rufaa kazini, andika barua, igongwe muhuri, udai jibu la maandishi, na hata hivyo hesabu zako zianzie kwenye ile barua ya kwanza. Ni salama zaidi.

Ikiwa bado uko kazini lakini umeshushwa cheo au umenyimwa stahiki kwa sababu ya mimba au sababu nyingine ya kibaguzi, muda ni siku 60 tangu jambo lenyewe litokee. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hawezi kudai kuachishwa isivyo haki, ila katazo la ubaguzi linamlinda hata anayeomba kazi tu. Watumishi wa umma wana njia yao ya rufaa ambayo lazima waipitie kwanza.

Fomu ni CMA F1. Sehemu ya jina na anwani haina shida, isipokuwa jina la mwajiri: liandike kama lilivyo kwenye mkataba, si lile la kwenye bango la dukani. Peleka ofisi ya CMA ya eneo mgogoro ulikotokea. Kama ulikuwa unafanya kazi Morogoro na sasa umerudi kwenu Dar, ni Morogoro. Hakuna ada.

Kaa chini, utulie, kwenye aina ya mgogoro na kwenye Sehemu B. Sehemu B ni ya walioachishwa kazi tu, na inauliza mambo mawili: utaratibu ulifuatwa? Sababu ilikuwa halali? Jibu yote mawili kwa ukamilifu. Na ubaguzi uutaje kwa jina lake: "niliachishwa kwa sababu ya ujauzito". Usiandike "nilionewa" ukitegemea kwamba utafafanua mbele. Fomu hiyo ndiyo msingi wa madai yako, na usichokiandika humo utakataliwa kukileta baadaye. Kiasi unachodai nacho kichanganue: mshahara wa notisi, likizo, fidia, kila kimoja na namba yake.

Kabla ya kuisajili fomu CMA, nakala lazima imfikie mwajiri na uwe na uthibitisho. Watu wa mapokezi pale kazini kwangu walikataa kusaini dispachi, kile kitabu cha kuonyesha barua imepokelewa. Tuma kwa rejista ya posta, utunze risiti.

Ukichelewa kama mimi, unaongeza CMA F2, maombi ya kuongezewa muda, pamoja na kiapo. Hapo ndipo pesa yangu ilipokwenda, kwa wakili wa kuandaa na kuapisha, na ndipo miezi ilipokatika kabla kesi yenyewe haijaguswa. Kiapo kieleze umechelewa siku ngapi, kwa nini, kesi yako ina nguvu gani na kwamba mwajiri hataumia ukiruhusiwa. Mimi nilichelewa siku 23 na nilitakiwa kuzieleza zote. Kilichonisaidia ni ujumbe wa HR wa "subiri", ambao sikuufuta. Niliuchapa ukiwa na tarehe zake. Tafadhali, usifute kitu kwenye simu yako.

Mkishapita hapo mnaitwa kwenye usuluhishi. Usipotokea, msuluhishi anaweza kulifuta lalamiko. Asipotokea mwajiri, anaweza kuliamua bila yeye. Mimi nilikwenda na mtoto wa miezi miwili mgongoni. Unaruhusiwa kuwa na wakili au mtu wa chama cha wafanyakazi, na yanayosemwa mle ni siri, hayawezi kutumika dhidi yako baadaye. Mkishindwana ndani ya siku 30, shauri linakwenda kwa mwamuzi, ambako ushahidi unasikilizwa. Huko ukionyesha dalili za awali za ubaguzi, kama vile cheti cha kliniki, barua iliyofuata wiki tatu baadaye na mtu mpya mezani, ni kazi ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Wanawake wengi nilioongea nao hawalijui hili, wanakata tamaa wakidhani wanatakiwa kuleta mtu aliyemsikia bosi akisema "mfukuzeni, ana mimba".

Mwajiri wangu alikubali kulipa kwenye usuluhishi. Kabla hujasaini makubaliano, hakikisha yana tarehe ya malipo, kwa sababu asipolipa utayapeleka mahakamani yatekelezwe kama hukumu. Na hakikisha yanataja cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako kila ajira inapokwisha. Cha kwangu hakikutajwa, na nilikifuata mara tano nikiwa na mtoto kabla sijakipata.