Kifua kisichosikia dawa za TB: hatua ninazofuata hapa Lamu

Kwanza, jiulize kama ni TB kweli. Darubini ikionyesha vijidudu na GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya TB, ikasema si TB, usimrudishe mgonjwa kwenye dozi ileile. Huenda ni jamaa za TB wanaoishi majini na udongoni, kama Mycobacterium avium. Kwa kawaida hawaambukizwi mtu kwa mtu, basi asitengewe kikombe nyumbani.

Pili, otesha makohozi, yaani maabara iyalee mpaka vijidudu vilivyomo vikue na kutambulika. Pamoja na dalili na picha ya kifua, sampuli mbili za siku tofauti ziote kijidudu kilekile. Hapa ndipo wengi tunakosea: mgonjwa husukutua kwa maji ya birika, akatema, nasi tukapeleka maabara vijidudu vya birika. Asukutue kwa maji ya kuchanganyia sindano. Anayetoka Faza, kisiwani Pate, husubiri maji yajae ndipo chombo kiondoke, kwa hiyo kikopo humpa mapema, ateme alfajiri kwake.

Tatu, dawa. Kwa M. avium ni azithromaisini, ethambutoli na rifampisini. Asiye na pango mapafuni humeza mara tatu kwa wiki. Mwenye pango kila siku, na sindano za amikasini miezi ya mwanzo. Uliza kwanza kama anatumia ARV au vidonge vya kupanga uzazi, rifampisini huvivuruga. Ikiota M. abscessus, jamaa mwingine wa TB, mpango huu haufai, tafuta bingwa.

Azithromaisini peke yake, kamwe! Nimepokea mtu aliyepewa hiyo tupu kwa miezi, eti kutuliza kikohozi. Kijidudu kikishaizoea, kazi ni kubwa.

Nne, macho. Ethambutoli huweza kuharibu uoni, na rangi huanza kupotea. Mama mmoja mshona kofia nilimwekea nyuzi mezani; wekundu na kijani akavirundika pamoja. Tuliisimamisha dawa siku hiyohiyo, akapelekwa kwa daktari wa macho.

Mfundishe pia kuvuta pumzi ndefu na kutoa makohozi kila asubuhi.

Tano, hesabu. Otesha makohozi kila mwezi mmoja au miwili. Miezi 12 ya dawa huanza makohozi yakishatakata, yaani yasipootesha tena kijidudu, si siku ya kidonge cha kwanza. Kwenye kadi naandika tarehe zote mbili.

"Daktari, si mwaka umetimia?" mzee mmoja alinibana.

Nikamgeuzia kadi: makohozi yalitakata mwezi wa tano wa dawa. Akahesabu kwa vidole.

"Bado mitano," akasema, akachukua dawa zake.